Paul Héroult, kijana aliyefukuzwa shuleni ambaye kazi yake inapunguza uzito wa kamio za leo

Kila siku kamio zenye kubeba shaba na kobalti zinapita Likasi kwenye barabara ya Taifa namba 1, zikitoka upande wa Kolwezi na kuelekea Lubumbashi, kisha mpaka wa Kasumbalesa. Kabla ya kupakia hata kilo moja ya shaba, kamio inakuwa tayari imebeba mzigo: uzito wake yenyewe. Fremu, remorki, magurudumu, tanki la mazutu, vyote ni tani nyingi zinazokula mazutu bila kumlipa mtu yeyote.

Katika inchi nyingi, wenye kamio wamepunguza mzigo huo kwa kuweka alumini mahali palipokuwa chuma. Lakini miaka 150 iliyopita hakuna mtu angewaza kutengeneza gurudumu la gari kwa alumini. Ilikuwa metali ya bei kali sana, iliyowekwa pamoja na vitu vya wafalme. Mtu mmoja kati ya wawili walioitoa katika nyumba za wafalme na kuipeleka barabarani ni Mfaransa Paul Héroult. Alikufa mwaka wa 1914, na sehemu kubwa ya maisha yake inahusu jambo ambalo wakaaji wa Likasi wanalifahamu vizuri: kutoa metali kwa nguvu ya umeme.

Mtoto wa watengenezaji wa ngozi

Paul Héroult alizaliwa tarehe 10 Aprili 1863 huko Thury-Harcourt, mji mdogo wa Normandie, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Familia yake ilifanya kazi ya kutengeneza ngozi. Alipokuwa na umri wa karibu miaka 15, mkononi mwake kiliingia kitabu cha mwanakemia Henri Sainte-Claire Deville kuhusu alumini. Kitabu hicho kilimshika, na hakikumwachilia tena.

Sainte-Claire Deville ndiye aliyefaulu, kuanzia mwaka wa 1854, kutoa alumini ya kutosha kuuza. Shida haikuwa kwamba metali hiyo ni adimu. Karibu asilimia 8 ya gamba la dunia ni alumini, kuliko chuma, na kuliko shaba mara nyingi sana. Shida ni kwamba haipatikani peke yake. Imejifunga na oksijeni ndani ya udongo na mawe, hasa katika udongo mwekundu unaoitwa boksiti, jina lililotoka katika kijiji cha Les Baux, kusini mwa Ufaransa, ambako uligunduliwa mwaka wa 1821. Kuitenganisha na oksijeni kulihitaji metali nyingine, sodiamu, ambayo nayo ilikuwa ya bei kali.

Kwa hiyo alumini ilibaki kitu cha kuonyesha. Inasimuliwa kwamba mtawala wa Ufaransa, Napoleon III, aliwapa wageni wake wakubwa vijiko na uma za alumini, na wageni wengine wakala kwa za zahabu. Mwaka wa 1884, Wamarekani walipomaliza mnara wa kumkumbuka George Washington, waliweka juu yake kabisa kipande cha alumini chenye uzito usiofika kilo 3, kwa sababu kilihesabiwa kuwa pambo la heshima.

Shule ya migodi yamfunga mlango

Mwaka wa 1882 Héroult aliingia katika Shule ya Migodi ya Paris, moja ya shule zenye kuheshimiwa sana Ufaransa. Kati ya walimu wake alikuwa Henry Le Chatelier, ambaye jina lake linajulikana hadi leo na kila mwanafunzi wa kemia. Lakini Héroult hakuwa mwanafunzi wa kukaa na madaftari. Alipenda sana mchezo wa bilia, na akili yake ilikuwa kwenye alumini kuliko kwenye mitihani. Baada ya mwaka wa kwanza, shule ilimwondoa.

Kwa vijana wengi mambo yangeishia hapo. Mwaka wa 1885 baba yake alikufa, na Héroult, akiwa na miaka 22, akabaki na kiwanda kidogo cha ngozi huko Gentilly, pembeni ya Paris. Kiwanda hicho kilikuwa na mashini ya mvuke. Aliinunulia dinamo, akaifunga kwenye mashini hiyo, na akaanza majaribio pamoja na marafiki wachache. Ngozi zilibaki kando.

Siri ndani ya fimbo ya makaa

Oksidi ya alumini, ule unga mweupe unaotolewa katika boksiti, unayeyuka tu kwenye joto linalopita nyuzi 2,000. Mwaka huo hakukuwa na chombo cha kuvumilia joto hilo siku nyingi. Héroult alichukua jiwe lingine, kriolaiti, ambalo linayeyuka kwa urahisi zaidi, akapitisha umeme ndani yake. Mambo hayakwenda alivyotarajia. Fimbo ya chuma iliyokuwa ndani ya tanuru iliyeyuka, ijapokuwa joto halikufika kiwango cha kuyeyusha chuma. Héroult aliona kwamba chuma kilikuwa kimechanganyika na metali nyingine iliyozaliwa mle ndani.

Kisha, katika jaribio ambalo oksidi ya alumini ilikuwa ndani ya kriolaiti, aliona fimbo ya makaa iliyokuwa ikiingiza umeme ikiisha kidogo kidogo. Hiyo ilikuwa alama kubwa. Oksijeni ilikuwa inaachana na alumini, inakwenda kushikamana na makaa, inatoka kama gesi. Alumini ilibaki chini ya tanuru, ikiwa imeyeyuka. Joto lililohitajika lilikuwa karibu nyuzi 950 hadi 1,000 tu.

Tarehe 23 Aprili 1886 aliomba breve, ile hati ya kulinda uvumbuzi wake. Alikuwa ametimiza miaka 23 siku chache mbele ya hapo.

Mtu anayejua kazi ya Shituru ataona undugu na tofauti. Tangu mwaka wa 1929, kiwanda cha Shituru, hapo Likasi, kinatoa shaba kwa umeme: shaba inayeyushwa katika maji yenye asidi, umeme unapita, na shaba inajipanga kwenye bamba. Alumini haikubali njia hiyo. Ndani ya maji, umeme unatoa hidrojeni kwanza, na alumini haitoki. Ndiyo sababu Héroult alihitaji bafu kavu, ya mawe yaliyoyeyuka, isiyo na tone la maji.

Pacha aliyezaliwa ng'ambo ya bahari

Jambo la kushangaza ni kwamba wakati uleule, huko Marekani, kijana mwingine alikuwa amepata njia ileile bila kumjua Héroult. Charles Martin Hall, wa Oberlin katika jimbo la Ohio, alipata vipande vyake vya kwanza vya alumini tarehe 23 Februari 1886, akisaidiwa na dada yake Julia, aliyekuwa pia amesoma kemia. Aliomba hati yake tarehe 9 Julai, miezi michache baada ya Mfaransa. Marekani ilimpa Hall haki kwa sababu alithibitisha tarehe ya jaribio lake, na Ulaya ikabaki ya Héroult.

Wote wawili walizaliwa mwaka wa 1863. Wote wawili walikufa mwaka wa 1914. Hawakumalizia maisha yao katika uadui. Hall alipopewa medali ya Perkin mwaka wa 1911, Héroult alikuwapo New York kumpongeza. Leo njia hiyo inabeba majina yao yote mawili, Hall-Héroult, na bado ndiyo inayotumiwa katika viwanda vya alumini duniani.

Mtaalamu alisema haifai

Akiwa na hati yake mkononi, Héroult alikwenda kumwona Alfred Rangod, aliyejulikana kwa jina la Pechiney, mkubwa wa kiwanda cha Salindres. Hicho ndicho kilikuwa kiwanda kilichotengeneza alumini Ufaransa kwa njia ya zamani. Hakuna mtu aliyejua biashara hiyo kumzidi. Pechiney hakumpa moyo. Kwa maoni yake, alumini haikuwa na soko. Bei ikishuka au isishuke, watu hawangeinunua zaidi. Alimshauri afikirie aloi ya shaba na alumini, ambayo angeweza kuipatia wateja.

Pechiney alihesabu kwa kuangalia soko alilolijua: wauza mapambo na vyombo vya kupimia. Hakuona soko ambalo lilikuwa bado halijazaliwa. Mwaka huohuo wa 1886 ndio Karl Benz alipata hati ya gari lake la petroli huko Ujerumani. Kamio zilikuwa bado kuja.

Héroult alipata watu wa kumsikiliza Uswisi. Kuanzia mwaka wa 1887 kazi ilianza Neuhausen, kando ya maporomoko ya mto Rhine, na mwaka wa 1888 ikazaliwa kampuni ya kutengeneza alumini iliyounganisha feza za Uswisi na Ujerumani. Ufaransa nayo ilifungua kiwanda huko Froges, chini ya milima ya Alpes, kisha huko La Praz, katika Savoie. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa ajili ya boksiti. Palichaguliwa kwa ajili ya maji yanayoanguka. Tani moja ya alumini inahitaji umeme mwingi sana, hata leo karibu kilowati-saa 13,000 hadi 15,000. Kwa hiyo mahali umeme ulipo wa bei ndogo, ndipo metali inapokwenda kuzaliwa.

Katanga ilifuata mantiki hiyohiyo kwa shaba. Maporomoko ya mto Lufira yalifungwa, na kituo cha Mwadingusha kikaanza kazi mwaka wa 1930 ili kulisha viwanda vya eneo la Likasi. Ziwa Tshangalele, ambalo leo linawapa watu samaki, lilitokana na kazi hiyo.

Miaka ya mwisho

Kabla ya mwaka wa 1895 bei ya alumini Marekani ilikuwa imeshuka chini ya dola moja kwa ratili. Metali ya wafalme ilianza kuingia katika sufuria.

Héroult hakukaa akihesabu faida. Aligeukia chuma. Mwaka wa 1900, huko La Praz, alionyesha kwamba chuma cha pua kinaweza kutengenezwa katika tanuru la umeme, kwa cheche kubwa inayoruka kati ya fimbo za makaa na chuma chenyewe. Mwaka wa 1906 tanuru lake lilianza kazi Syracuse, Marekani. Leo chuma kingi kinachotoka katika vyuma vya zamani kinayeyushwa kwa matanuru ya aina hiyo. Hivyo mtu huyuhuyu aligusa pande zote mbili za kamio: chuma cha fremu na alumini inayokuja kuchukua nafasi yake.

Alikuwa mtu wa furaha, mpenda safari na bahari. Alikufa tarehe 9 Mei 1914 huko Antibes, kwenye pwani ya Mediterania, akiwa na miaka 51. Vita ya kwanza ya dunia ilianza miezi mitatu baadaye, na alumini ikaingia katika ndege.

Kilo inayohamishwa kutoka gari hadi mzigo

Kutoka ndege, alumini ilishuka barabarani. Mwaka wa 1948 Waingereza walitoa Land Rover, gari ambalo Afrika yote imelijua. Mwili wake ulikuwa wa aloi ya alumini, kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa kinagawanywa kwa vipimo. Mwaka huohuo Alcoa, kampuni iliyotokana na kazi ya Hall, ilitengeneza gurudumu la kamio la alumini ya kufuliwa.

Sababu ya wenye kamio kuipenda ni rahisi. Alumini ina uzito wa karibu sehemu moja ya tatu ya ule wa chuma kwa ukubwa uleule. Lakini si ngumu kukunjika kama chuma, kwa hiyo fundi analazimika kuiongeza unene. Mwishoni sehemu iliyotengenezwa vizuri inaweza kupata karibu nusu ya uzito wa ile ya chuma, wala si sehemu moja ya tatu.

Faida inaonekana kwenye mizani. Nchini Zambia, ambako kamio nyingi za Katanga zinapita kwenda bandarini, kikomo cha kamio ndefu yenye ekseli saba ni tani 56, gari na mzigo pamoja. Tuseme kamio ya chuma ikiwa tupu ina tani 20. Inabaki na tani 36 za mzigo. Ikiwa remorki na magurudumu ya alumini yamepunguza tani 2, mzigo unakuwa tani 38, na mizani inasoma 56 ileile. Katika safari 18, tani hizo mbili zinafika 36, mzigo wa safari nzima ambayo haikuhitaji shofere, mazutu wala tairi.

Kamio ikirudi tupu, faida inaendelea, kwa sababu inavuta uzito mdogo. Breki zinachoka kidogo kwenye mteremko. Mvua ya Katanga, inayonyesha miezi mingi kila mwaka, inakula chuma kwa kutu. Alumini inajifunika yenyewe kwa ngozi nyembamba ya oksidi inayozuia kuoza. Na kamio ikifikia mwisho wake, alumini haitupwi. Kuiyeyusha upya kunahitaji karibu asilimia 5 tu ya nguvu iliyotumiwa kuitoa katika boksiti. Mafundi wanaoyeyusha vipande vya mota za zamani na kumimina sufuria wanaijua faida hiyo bila kufundishwa na mtu.

Mahali ambapo chuma bado kinashinda

Alumini haifai kila kazi. Bei yake ni kubwa kuliko ya chuma, na mwenye kamio anairudisha polepole, safari kwa safari. Kuichomelea kunahitaji gesi ya argoni, usafi na fundi aliyezoea. Garaji nyingi za barabarani zina vifaa vya kuchomelea chuma tu. Kwenye kamio za kumwaga mawe ya mgodi, mawe yanaikwaruza haraka, na chuma kigumu kinabaki bora. Mahali alumini na chuma vinapofungwa pamoja kwa bolti bila kitu cha kuvitenganisha, maji yakiingia, alumini inaliwa.

Ndiyo sababu inafaa zaidi katika matanki ya mafuta, mabodi ya kufunika mizigo, kuta za remorki, magurudumu na tanki la mazutu. Fremu ya chini, inayopigwa na mashimo ya barabara, mara nyingi inabaki ya chuma.

Kuna sharti lingine ambalo haliko mikononi mwa fundi. Faida yote ya alumini inategemea mizani. Barabarani ambako kila mtu anaongeza tani anavyotaka, hakuna sababu ya kulipia gari jepesi: anayezidisha mzigo kwenye chuma cha zamani anashinda bila kununua kitu. Anayelipa ni barabara. Majaribio makubwa yaliyofanywa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uzito wa ekseli ukiongezwa mara mbili, uharibifu wa barabara unaongezeka karibu mara 16. Kila shofere anayekwepa mashimo kati ya Likasi na Kolwezi anaisoma hesabu hiyo kwa usukani.

Maji yapo, kiwanda hakipo

Kazi ya Héroult imefika Afrika pia. Kamerun inatoa alumini huko Edéa tangu mwaka wa 1957, kwa maji ya mto Sanaga. Kiwanda hicho kilianzishwa na kampuni kubwa ya Ufaransa iliyobeba jina la Pechiney, yule mtu aliyemwambia Héroult kwamba alumini haina soko. Ghana ilifuata mwaka wa 1967 kwa umeme wa Akosombo, na Msumbiji mwaka wa 2000 karibu na Maputo.

Congo, yenye Inga, imezungumza juu ya kiwanda cha alumini tangu miaka mingi. Katika miaka ya 1980 mradi ulitayarishwa na kuachwa. Mwaka wa 2012 kampuni ya BHP Billiton nayo iliacha mpango wake wa kujenga kiwanda kwa kutegemea Inga 3. Hadi leo inchi inanunua alumini yake nje, wakati maji ya mto Congo yanaenda baharini.

Héroult hakuwa na mgodi wa boksiti, na mkubwa wa biashara ya alumini alikuwa amemwambia kazi yake haina wateja. Alikuwa na kiwanda cha ngozi, dinamo moja, kisha maporomoko ya maji ya watu wengine waliokubali kumsikiliza. Metali iliyopatikana hapo ndiyo inayozunguka leo katika magurudumu ya baadhi ya kamio zinazopita Likasi, kando ya Shituru.